Mjadala: Obama alipandishwa na ulimi, au na kazi ya Springfield?

Wakuu, kila tukijadili uzoefu katika siasa hoja hii hurudi: Barack Obama aliingia Ikulu ya Marekani akiwa na hotuba tu, ile ya Boston ya Julai 2004 kwenye mkutano mkuu wa chama chake cha Democratic. Wanaosema hivyo huhesabu miaka yake michache ya Washington, kisha wanairuka karibu minane aliyokuwa seneta wa jimbo la Illinois, tangu Januari 1997, huko Springfield, makao makuu ya jimbo. Napinga, na sheria moja inanitosha.

Illinois ilikuwa na aibu. Tangu irudishe adhabu ya kifo mwaka 1977, ilikuwa imewaua wafungwa 12, huku 13 wakifutiwa hatia wakiwa tayari wanasubiri kuuawa. Januari 2000 gavana George Ryan, Mrepublican, akasitisha adhabu hiyo. Huko Chicago wapo waliosema walikiri kwa sababu polisi waliwatesa. Obama akaubeba mswada wa kuwalazimisha polisi kurekodi mahojiano ya watuhumiwa wa mauaji. Polisi hawakuutaka, waendesha mashtaka hawakuutaka, na nani apende kuitwa mtetezi wa wauaji uchaguzi ukikaribia? Alikaa nao, akawasikiliza, vipengele vikarekebishwa, na mwaka 2003 ukapita Seneti ya jimbo bila kura hata moja ya kupinga. Hakuna jimbo lililokuwa limetunga sheria kama hiyo kabla yake. Kuwageuza wapinzani wa namna hiyo ni kazi ya miezi, tena ya kuchosha, na haifanyiki jukwaani.

Wapo watakaosema alibebwa. Kweli, kwa sehemu. Chama chake kilipokuwa na wachache, miswada yake mingi ilikufa. Democrats waliposhika Seneti mwaka 2003, rais wa Seneti hiyo, Emil Jones, alimkabidhi Obama miswada mizito. Lakini kukabidhiwa mswada si kuupitisha. Na kabla ya hapo, mwaka 2000, aliwania kiti cha Bobby Rush cha bunge la taifa akapigwa zaidi ya kura mbili kwa moja. Hapo ulimi haukumsaidia kitu.

Kinachonisumbua mimi ni mwanzo wake. Alice Palmer alikuwa anakiacha kiti chake cha useneta wa jimbo ili aende Washington. Aliposhindwa huko, akataka kukirudia. Timu ya Obama ikazipinga saini za wadhamini wake na za wagombea wengine, majina yakaondoka yote, na kwenye mchujo wa chama wa 1996 akabaki peke yake. Kanuni ziliruhusu, na saini nyingi kweli zilikuwa na kasoro. Hata hivyo wapiga kura wa South Side, upande wa kusini wa Chicago, walinyimwa nafasi ya kuchagua kati yake na mtu waliyemjua. Naona alikosea, hata kama sheria ilikuwa upande wake. Anayemtetea kwa hilo aje na hoja. Ya uzoefu kwangu imekwisha.