Mwasema shahada ya uuguzi ni miaka minne? Mimi nimeingia 2017, leseni nimeipata 2025

Assalamu alaikum wana-Amu (Lamu), na salamu kwa wengine wote wa Pwani.

Jambo hili nimelibeba kifuani muda mrefu, na leo limenifika shingoni. Asubuhi jirani yetu alikuja nyumbani na binti yake aliyefaulu KCSE, mtihani wa kidato cha nne. Mkononi ana karatasi aliyopewa na watu wa chuo kimoja waliokuja kutangaza kozi zao. Imeandikwa kwa herufi kubwa: Shahada ya Uuguzi, miaka 4. Mama yule akaniuliza, "Mwanangu, kwa hivyo mwaka wa tano huyu ataanza kutusaidia, sivyo?" Hesabu alikuwa ameshaipiga. Anataka kuweka rehani minazi yake.

Nikamwambia ukweli. Akanitazama kama mtu anayemwonea bintiye wivu, akakunja karatasi yake akaenda zake. Nimeumia, ndiyo maana nimefungua uzi huu.

Karatasi ile haisemi uongo wa wazi. Masomo ya darasani na wodini yamepangwa kwa miaka minne, kweli. Lakini ukiimaliza hiyo minne bado hujawa muuguzi. Mbele yako kuna mtihani wa leseni wa Baraza la Wauguzi la Kenya, ambao haufanywi siku utakayo wewe, na jina lako haliendi huko mpaka chuo kithibitishe kwamba umekamilisha kila kitu. Baada ya hapo kuna mwaka mzima wa intanshipu, yaani kufanya kazi hospitalini chini ya usimamizi. Ndipo unaposajiliwa na kupewa leseni, na bila leseni hata ukiwa na shahada ukutani huruhusiwi kumdunga mtu sindano. Kwa hivyo hata aliyenyookewa na mambo tangu siku ya kwanza, ni miaka mitano na zaidi. Huo mwaka wa tano kwenye karatasi haupo. Mzazi wa Kizingitini, huku kwetu kisiwani Pate, ataujulia wapi?

Mimi sikunyookewa, na katika darasa letu simjui hata mmoja aliyenyookewa.

Nilifika chuoni Septemba 2017. Wauguzi wa kaunti walikuwa kwenye mgomo tangu Juni, na hawakurudi kazini mpaka Novemba. Mimi mgeni, nikaona hayo ni ya wakubwa, hayanihusu. Kumbe yananihusu sana. Mwanafunzi wa uuguzi haingii wodini peke yake, lazima awepo muuguzi wa kumsimamia na kumtilia sahihi. Wakubwa zetu walikaa hosteli miezi mitano bila kugusa mgonjwa, kisha zamu zao zote zikasogezwa mbele, zikaangukia zetu. Tulipofika sisi, wodi zimejaa. Foleni ile iliyoanza kabla sijavaa unifomu ndiyo niliyoisimama mpaka nikamaliza.

Machi 2020 vyuo vikafungwa kwa korona. Nilikuwa mwaka wa tatu. Darasa letu halikurudi mpaka Januari 2021, na hata tuliporudi kuna hospitali zilizokataa wanafunzi kabisa. Hilo simlaumu mtu, ulikuwa msiba wa dunia nzima. Ninacholaumu ni kwamba hakuna aliyekaa chini nasi akatuambia: mmepoteza mwaka, hivi ndivyo tutakavyoufidia. Tuliambiwa tusubiri tangazo. Tangazo likija, linasema tusubiri tangazo jingine.

Nawaeleza sasa habari ya leba, wodi ya kujifungulia, kwa sababu huko ndiko nilikoshikwa. Kila mwanafunzi ana kitabu cha wodi. Kila unachofanya kinaandikwa humo: umepima presha, umefunga kidonda, umeweka mpira wa mkojo, umejaza chati ya uchungu, umezalisha. Idadi imewekwa na lazima itimie, na kila mstari uwe na sahihi ya msimamizi. Hospitali niliyopelekwa ilikuwa imepokea wanafunzi wa vyuo vitatu kwa wakati mmoja. Nakumbuka usiku mmoja, saa nane, mama mmoja anasukuma na sisi tumemzunguka kitanda wanafunzi kumi na mmoja, kila mmoja ameshika kitabu chake kifuani. Mkunga wa zamu ni mmoja. Mama yule akageuza shingo, jasho linamtiririka, akauliza kwa sauti ndogo, "Nyote nyinyi mwamngoja mwanangu?" Niliona haya mpaka nikatoka nje. Mtoto alizaliwa salama, alhamdulillahi, na sahihi ikaenda kwa mmoja. Kumi tulirudi hosteli na mistari mitupu.

Wiki sita za zamu yangu ya leba zikaisha nikiwa sijafikisha nusu ya idadi. Ikabidi ningoje nafasi nyingine, na nafasi ikaja baada ya miezi minne. Kuna mara mbili niliitwa niripoti, nikafika, nikaambiwa hospitali haijakubali barua, nirudi nyumbani. Kwa aliye Mombasa, kurudi nyumbani ni matatu moja. Kwangu mimi ni basi mpaka Mokowe, boti mpaka Amu, kisha boti ya Kizingitini ambayo nayo hungoja maji yajae ndipo mkondo wa Mkanda upitike. Ukikosa maji, umelala Amu. Nani aliyenilipa nauli hizo? Hata samahani sikuambiwa.

Vitabu nilivikamilisha Machi 2023. Nikashukuru, nikaenda kuuliza habari ya mahafali. Karani akafungua faili, akashuka na kidole mpaka jina langu, kidole kikasimama kwenye famakolojia, somo la dawa, ya mwaka wa pili. Hapana maksi. Pana kistari tu. Mtihani nilioufanya mwaka 2019, nikaketi saa tatu, nikatia sahihi kwenye orodha ya waliohudhuria! Mhadhiri alikuwa wa muda, ameshaondoka. Nikatakiwa mimi ndiye nimtafute. Mimi! Nikapewa namba ya simu isiyopatikana. Nilizunguka na kistari kile kuanzia Machi mpaka Septemba, mlango hadi mlango, mpaka karatasi ya majibu ikapatikana kwenye boksi la idara, na nilikuwa nimefaulu vizuri. Maksi zipo, boksini, mwendo wa dakika mbili kutoka kwa karani yule. Nilihitimu Desemba 2023. Karatasi yangu ya kujiunga iliniahidi 2021.

Mtihani wa leseni nikaufanya 2024, nikapita mara ya kwanza. Kisha intanshipu. Mwaka huo kila mtu aliyekuwa kwenye afya anaukumbuka, madaktari waligoma tangu Machi mpaka Mei, na jambo kubwa kwenye mgomo ule lilikuwa hao hao maintani, kupangiwa vituo na kulipwa. Nafasi za intanshipu hufuata pesa za serikali. Bajeti ikikwama nawe umekwama, hata uwe wa kwanza darasani. Nikapangiwa Septemba 2024, nikamaliza Septemba 2025. Piga hesabu mwenyewe. Miaka minane kamili.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, maana kungoja kuna bei na bei hiyo haiandikwi popote. Baba yangu ni mvuvi wa kamba. Ada ya Septemba humkuta mvuvi katoka kwenye kusi mikono mitupu, bahari ilikuwa chafu miezi mizima. Akachukua pesa mbele kwa tajiri anayenunua kamba. Wavuvi wanajua maana yake: ukishachukua pesa za tajiri, kamba wako wote ni wake, na bei ni aipangayo yeye mpaka deni liishe. Baba alikubali kwa sababu aliamini ni miaka minne. Alisema, "Minne nitavumilia, mwanangu." Hakuwa mjinga, alisoma karatasi aliyoletewa. Kila mwaka uliozidi alirudi kwa tajiri kuongeza. Kamba ambao wengine waliwauza kwa bei ya soko, baba aliwatoa kwa bei ya deni, miaka minane. Mdogo wangu alimaliza kidato cha nne mwaka 2022. Mpango ulikuwa wakati huo mimi nipo kazini, nimlipie. Sasa yuko baharini na baba. Mamangu alinunua doti ya leso kwa ajili ya mahafali yangu, ikakaa kashani miaka miwili kabla hajaivaa.

Binamu yangu alipata C, hakufikisha C+ ya shahada. Familia ikamhurumia. Akaenda kusomea diploma ya uuguzi mwaka ule ule niliojiunga mimi, miaka mitatu. Naye korona ilimgusa, lakini alikuwa akikaribia mwisho. Akafanya mtihani wa leseni, akaajiriwa zahanati ya binafsi. Ameshafanya kazi miaka kadhaa, na sasa anajiendeleza kupata shahada, ambayo kwa mwenye diploma huchukua kama miaka miwili tu zaidi. Mimi namheshimu sana. Lakini mbona hakuna mwalimu wa shule aliyetueleza njia hiyo? Tuliambiwa C+ ni shahada, diploma ni ya walioanguka. Mtoto wa mvuvi asiye na akiba pengine ndiye aliyefaa kuanzia diploma, aingize chake, kisha apande.

Ninachotaka si kikubwa. Vyuo viandike kwenye karatasi zao mwaka wa intanshipu na mtihani wa leseni, na viandike darasa lililopita lilimaliza kwa miaka mingapi hasa. Visipokee wanafunzi mia kama hospitali walizokubaliana nazo zina nafasi ya thelathini. Maksi zikipotea, aliyezipoteza ndiye azitafute. Na serikali ikishajua tarehe ya mtihani wa leseni, inajua pia ni wangapi watahitaji intanshipu, basi nafasi zitengwe kabla, tusikae nyumbani na matokeo mkononi huku visiwani kwetu mwenye uchungu wa uzazi bado anapandishwa boti usiku.

Nyongeza, saa nne usiku:

Nimesoma majibu yenu. Kuna ndugu kasema kazi ya kushika roho za watu lazima ichukue muda, na anayetaka haraka akauze duka. Ndugu yangu, sikuomba nipunguziwe hata wiki moja ya wodi. Simtaki mtu amzalishe dada yangu akiwa hajazalisha chini ya jicho la mkunga mkongwe. Lakini toa miaka minne ya masomo, toa na mmoja wa intanshipu. Inabaki mitatu. Katika mitatu hiyo sikujifunza kitu wala sikumhudumia mgonjwa yeyote. Nilikuwa nikingoja sahihi, maksi na barua. Hiyo ndiyo niliyoijia hapa.

Na aliyeniuliza faraghani kama najuta: kazi naipenda. Juzi nimempokea mtoto wa kilo tatu, mama yake mtu wa Faza, na nilitia sahihi yangu mwenyewe. Najutia miaka ya baba.

Yule jirani ameniletea salamu, anarudi kesho baada ya alasiri na bintiye. Nimekitoa kitabu changu cha wodi, nitawaonyesha tarehe moja moja. Nanyi kama mmepitia, niandikieni hapa chini kabla ya hapo: mwaka ulioingia, mwaka uliopata leseni, na katikati ulikuwa ukingoja nini.