Kiti cha magurudumu na mlango wa madrasa, Mkomani, Lamu: tufanyeje?

Katibu wa Kamati

Assalaam alaykum. Madrasa yetu itampokea mwanafunzi wa miaka 11 anayetumia kiti cha magurudumu. Jengo ni la kale, kuta za matumbawe. Mlango mkubwa una vidato viwili, jumla sentimita 34 toka njiani hadi kwenye daka (kibaraza cha mlangoni), kisha kizingiti cha sentimita 8. Njia yenyewe ni sentimita 190, na punda wa mizigo hupita kutwa. Tumepewa mifuko minne ya saruji, na fundi yuko tayari kumwaga mteremko Ijumaa baada ya swala. Wengine wanasema hakuna haja, vijana wakubwa watambeba. Wenye ujuzi tuelezeni.

Fundi Langoni

Wa alaykum salaam, katibu. Mwambieni fundi asubiri kwanza.

Piga hesabu. Kila sentimita 1 ya kupanda yataka sentimita 12 za urefu. 34 mara 12 ni 408, yaani mita 4 na ushei, na hapo kizingiti hujakihesabu. Mteremko hauwezi kuikata njia, kwa kuwa njia haifiki hata mita 2. Ukiulaza sambamba na ukuta kwa upana wa sentimita 90, njia inabaki mita 1, na punda mwenye shogi (makapu ya mizigo) pande mbili hapiti hapo bila kukwaruza mtu. Najua fundi atafanya nini: atamwaga mteremko wa mita 1 na kusema umekwisha. Huo si mteremko, ni ukuta uliolala. Mtoto akipanda peke yake kiti kitapinduka kwa nyuma, na akishuka atatupwa mbele.

La pili ni hiyo saruji. Ukiigandisha kwenye ukuta wa matumbawe na chokaa, unyevu wa chini unakosa pa kutokea, unapanda ukutani pamoja na chumvi. Baada ya masika mbili tatu lipu inamomonyoka kama unga. Tena Mji wa Kale wa Lamu uko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2001, kwa hiyo kabla ya kugusa ukuta pitieni ofisi ya Makumbusho ya Taifa na ya kaunti.

Je, hamna mlango wa uani? Nipe vipimo: kimo cha kidato, upana wa uwazi mlango ukiwa wazi kabisa, na unafungukia wapi.

Katibu wa Kamati

Upo, wa ubavuni, kwenye kichochoro cha mita 2.4. Kidato kimoja, sentimita 14. Uwazi sentimita 74. Unafungukia nje. Mbele yake pana mtaro wa maji machafu, upana sentimita 25.

Fundi Langoni

Basi kazi ni nyepesi. 14 mara 12 ni sentimita 168. Tengenezeni mteremko wa mbao wa kuondoa, vipande viwili vya upana wa sentimita 50 vikae ubavu kwa ubavu. Kimoja kimoja hubebwa na mtu. Bambakofi ndiyo bora kwa hewa yetu ya chumvi, ila ni nzito na ghali. Skrubu ziwe za shaba au chuma cha pua. Misumari ya kawaida italiwa na kutu na vichwa vitainuka.

Pana mambo manne watu hukosea. Ncha ya chini inatakiwa ichongwe mpaka iwe nyembamba, isizidi sentimita 1, maana magurudumu madogo ya mbele hugota hapo na mtoto akarushwa. Ncha ya juu ishikwe na pini mbili za chuma kwenye kidato; isiposhikwa, kiti kikipanda kinausukuma ubao nyuma. Pande mbili za nje wekeni ukingo wa sentimita 10. Na juu pakeni rangi, mnyunyizie mchanga ingali mbichi. Mchanga uchekechwe, na ukiwa wa ufuoni uoshwe chumvi kwanza.

Mlango ugeuzwe bawaba ufungukie ndani. Ukibaki wa nje, mtoto atakuwa kwenye mteremko huku anauvuta mlango unaomjia. Sentimita 74 zinatosha kiti cha mtoto kikiingia moja kwa moja. Kikihitaji kukata kona pale pale mlangoni, hazitoshi.

Mtaro msiuzibe. Mbao zipite juu yake, na ziondolewe siku ya kusafisha.

Bi Rukia

Katibu, ahsante kwa kuuliza mapema. Naongeza ya ndani, kwa sababu wengi humaliza mlangoni wakapiga picha.

Kwanza viatu. Mnajua rundo la ndara mlangoni linavyokuwa saa ya darasa. Kijukwaa cha juu ya mteremko, pale ndani ya mlango, kinahitaji sentimita 150 kwa 150 za wazi, na ndara tatu tu zinatosha kukiziba. Rafu ya viatu ihamie pembeni. Kisha magurudumu: yametoka kwenye njia ya punda, na ndani kuna mkeka. Wekeni ndoo na matambara mawili, la maji na la kukaushia. Magurudumu yafutwe na pete za kushikia pia, kwani ndizo atakazozishika kabla ya kushika msahafu. Mkiweza kupata kiti cha pili cha kubaki ndani, afadhali.

Udhu: bomba moja liinuliwe hadi sentimita 75 hivi, na chini yake pabaki wazi magoti yaingie. Koki iwe ya mkono mrefu, si ya kuzungusha. Choo cha kuchuchumaa hamhitaji kukivunja. Kiti imara kilichotobolewa kikae juu ya tundu, na ukutani vyuma viwili vya kushikia. Vijaribuni kwa uzito wa mtu mzima. Kwenye matumbawe plagi za plastiki huchomoka, sharti chuma kipenye hadi kwenye jiwe zima.

Na mlango wa ubavuni usiwe mlango wa mtoto mmoja. Wanafunzi wote wapitie huko. Ibara ya 54 ya Katiba ya Kenya inasema mtu mwenye ulemavu atendewe kwa heshima na afike mahali pote kwa njia inayofaa. Kumpitisha yeye peke yake ubavuni hakuna heshima.

Nahodha wa Mokowe

Wale wanaosema "watambeba" wawe na hadhari. Sehemu za kuwekea mikono na miguu nyingi ni za kuchomoa. Vijana wanne wakizikamata hizo, kiti kinabaki mikononi na mtoto yuko chini. Shikeni fremu yenyewe, na muulizeni yeye kwanza anavyopenda kushikwa.

Na kama mtoto atasafiri kwa boti, angalieni maji. Wakati wa bamvua (maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu), kati ya maji kujaa na kupwa pana kama mita 3 hapa kwetu, na vidato vya chini vya gati vina ukoga. Chagueni saa ambayo ukingo wa boti uko sawa na kidato kikavu. Ndani ya boti mtoto avae jaketi la kuokolea na akae kwenye ubao wa boti, kiti kikunjwe na kufungwa peke yake. MSIMFUNGE mtu kwenye kiti cha magurudumu baharini. Mkifika, kiti kioshwe kwa maji baridi (yasiyo na chumvi) na beringi zitiwe grisi. Chumvi inazila kwa miezi michache.

Katibu wa Kamati

Tumeelewa. Ijumaa tunaita seremala badala ya fundi wa saruji. Na mifuko minne ndiyo ikae tu?

Fundi Langoni

Isikae. Bi Rukia amewatajia udhu: sakafu ya pale isawazishwe, iwe na mwinamo mdogo wa kutoa maji, usiozidi sentimita 2 kwa mita, kiti kisiteleze. Mifuko miwili inatosha. Mpaka siku hiyo iinueni juu ya mbao, mbali na ukuta. Kwa unyevu wa huku, mfuko uliolala sakafuni unageuka jiwe kabla hamjaufungua.