Hiyo nukta tano aliitoa wapi? Uzi wa yule mhakiki wetu wa magemu

MwenyePedi_Kisauni ameandika:

Wakuu, salamu baadaye. Nina moto kifuani tangu asubuhi. Chai imepoa, mahamri yameliwa na watoto, na mimi nimeishika simu tu.

Yule bwana mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule wa kofia ya nyuma mbele, anayefungua kila video kwa makofi matatu na kutuita "familia". Toka Likoni mpaka Bamburi, mwenye simu yeyote ashamwona.

Jana baada ya Isha alikuja kibandani kwangu, pale ninapokodisha magemu. "Kaka, nataka nirekodi kidogo, TV yako kubwa." Nikawatoa watoto watano waliokuwa washalipa, nikawarudishia pesa zao mkononi. Nikampa TV ya mbele na pedi mpya ya kuchezea, ile yenye vitufe ambayo hata mdogo wangu simpi. Yeye alikuja na diski yake, gemu jipya la mapanga, na sahani ya viazi karai ukwaju ukimchuruzika mpaka kwenye kiwiko.

Akacheza. Nasema akacheza kwa kukosa neno jingine. Wallahi yule mtu alikwama kwenye mafunzo! Mafunzo, wakuu! Pale ambapo gemu lenyewe lakwambia bonyeza mraba, na huo mraba unawaka na kuzima kwenye skrini, mkubwa kama sinia la pilau ya harusi. Yeye abonyeza duara. Mraba unawaka, yeye duara. Yule mzee wa ndani ya gemu anayefundisha panga alirudia sentensi yake moja mpaka muuza kahawa wa nje akaihifadhi, na muuza kahawa hajui Kiingereza.

Dakika arobaini. Saa ya ukutani ndiyo ninayolipishia watu, haikosei. Akaweka pedi chini. Akalamba kidole. Akatazama juu kwenye feni yangu kama kwamba jibu limeandikwa kwenye mapanga yake. Kisha akageukia kamera: "Familia, gemu hili nimelimaliza lote, na nalipatia nane... nukta tano."

Nukta tano!

Nane tupu ningenyamaza. Nane siku hizi watu waitoa kama salamu. Lakini nukta tano ni mizani ya sonara. Ukisema nukta tano wamaanisha umepima, umelinganisha, umeona hili limezidi nane ila tisa halijafika. Umepima nini wewe, na panga hujalichomoa alani?

Alipoondoka nikafungua orodha ya vikombe, zile tuzo mchezaji anazopewa kila akivuka hatua. PS4, mashine yenyewe ya kuchezea, haisahau. Kulikuwa na kikombe kimoja tu, cha shaba, cha kumaliza mafunzo. Na hicho kimoja alikipata mdogo wangu wa miaka tisa, alipomshikia pedi yule bwana akienda kunawa mikono.

Leo asubuhi video imetoka. Nikamwandikia pale chini kwa heshima zote: "Kaka, ulilimaliza lini?" Akanijibu mbele za watu: "Wewe kodisha pedi, uhakiki waachie wenyewe."

Pedi! Pedi ile ile inayonuka ukwaju mpaka sasa! Kitufe cha X chanata, nimekisugua kwa pamba na spiriti mara tatu, ukikibonyeza chashuka na kupanda hakipandi.

Kule Japani gazeti la magemu la Famitsu huwakalisha watu wanne, kila mmoja atoe alama yake kati ya kumi, zijumlishwe. Lilianza 1986, na gemu la kwanza kupata arobaini kamili lilikuwa The Legend of Zelda: Ocarina of Time, 1998. Miaka kumi na miwili watu wanne wanne waketi na kupima, huyu wetu yuko peke yake na sahani ya viazi, dakika arobaini, nane nukta tano. Hata kule Steam, duka la mtandaoni la magemu ya kompyuta, mtu wa kawaida akiandika maoni, saa alizocheza zaonekana hapo hapo kando ya jina lake. Umecheza saa moja, twaona saa moja. Basi naye aandike: dakika arobaini, mafunzo sikumaliza.

Nane nukta tano. Alitazama feni!

---

Kijana_wa_Majengo:

Nimecheka mpaka mama ameniita kuuliza kama ni mzima. Mraba unawaka, yeye duara 😂😂😂 Huyo nampa mbili. Nukta ajitafutie mwenyewe.

---

MamaTwaha:

Na wewe mwanangu, hebu sema kweli. Watoto washalipa, wawatoa nje usiku ule kwa sababu mgeni ana kofia. Ulitaka uonekane kwenye video. Amekutumia, hakukutaja, sasa walia. Kwanza kibanda hicho Twaha wangu hutumia pesa ya nauli huko, sina huruma nawe.

---

MwenyePedi_Kisauni:

Mama Twaha, shikamoo. Mgeni hupokewa, ndivyo nilivyolelewa. Kama angesema "familia, gemu gumu, nimeshindwa", ningemnunulia na soda. Hasira yangu ni ile nukta tano, na lile neno la kodisha pedi.

---

Shaba_Moja:

Nimebadilisha jina kwa heshima ya mdogo wako. Huyo dogo ndiye mhakiki, apewe chaneli.

---

MzeeWaTononoka:

Vijana, mimi nacheza tangu enzi za kaseti za kupuliza vumbi, nisikizeni. Mhakiki akisema kweli huwa yanamfika. Mwaka 2007 Jeff Gerstmann, mhakiki wa tovuti ya GameSpot, alilipa gemu la Kane & Lynch alama sita, na tovuti ile ile ilikuwa imepakwa matangazo ya gemu hilo kutoka juu mpaka chini. Akafukuzwa kazi. Mpaka 2012 ndipo alipoweza kusema hadharani kwamba ni kweli, alama zilihusika. Sasa huyu wenu wa viazi atoe sita, nani atampa diski ya bure mara ya pili? Nane ndiyo kodi yake ya kukaa mjini.

---

MwenyePedi_Kisauni:

Mzee wangu, nakuheshimu, lakini Gerstmann alicheza! Alicheza ndipo akatoa sita. Huyu hakuvuka mafunzo. Na msinambie alama ni mchezo. Fallout: New Vegas ya 2010, watengenezaji wake Obsidian waliahidiwa bonasi gemu likifika 85 katika mia pale Metacritic, tovuti inayokusanya alama za wahakiki. Likapata 84. Alama moja, bonasi ikapotea, kisha wakapunguza na wafanyakazi. Sasa pigeni hesabu: nukta tano katika kumi ni alama tano katika mia. Tano! Mtu ameziokota kwenye feni yangu!

---

Baharia_wa_Gati:

Mkuu, punguza sauti, nakusikia huku Likoni.

Ila nyote mmesahau gemu la Cyberpunk 2077. Desemba 2020 wahakiki walipewa ya kompyuta tu, tena wakakatazwa kuonyesha picha walizorekodi wenyewe mpaka gemu litoke. Wakatoa tisa, wakatoa kumi. Watu wa PS4 wakafungua, magari yaangukia barabarani kutoka juu, nyuso hazina sura, gemu lajifunga lenyewe. Wiki haikupita sana Sony, wenye PS4, ikaliondoa dukani kwake na kurudisha watu pesa. Wale walimaliza gemu, na bado alama hazikumsaidia mwenye PS4. Kwa hiyo hata yule bwana angecheza saa mia, kama mashine yake si yako, alama yake si yako.

---

Kipa_Namba1:

Nyinyi mwalilia mapanga. Mpira je? Kila mwaka gemu ni lile lile, wabadilisha jezi na picha ya kasha, na kila mwaka wahakiki "nane, nane, nane". Waliofanya kazi ya kiume ni wale wa tovuti ya IGN. Gemu la FIFA 21 la mashine ya Nintendo Switch lilipotoka wakaona ni FIFA 20 iliyobadilishwa jina, wakairudisha hakiki yao ya mwaka uliopita na alama ile ile, mbili. Mmerudia gemu, tumerudia hakiki. Nilitaka niwapelekee haluwa.

---

Shabiki_wa_PES:

FIFA wapi bwana. Mpira ni PES, gemu la Konami. Toka 2021 walipoligeuza eFootball, mimi niko kwenye eda.

---

Kipa_Namba1:

Na ukae humo humo. eFootball ilipotoka nyuso za wachezaji zilikuwa kama za mashetani, Konami wenyewe wakaomba radhi.

---

Shabiki_wa_PES:

Nasema PES, nawe wanijibu eFootball. Soma. PES 2013 mpaka leo ipo kwenye vibanda vya watu na jezi mpya zatiwa kwa mkono kila msimu. FIFA ya mwaka huo iko wapi?

---

Kijana_wa_Majengo:

Ubishi huu uliniachisha rafiki wa miaka sita. Endeleeni.

---

MwenyePedi_Kisauni:

Jamani, uzi ni wa yule bwana. Ameshapost tena sasa hivi, "hakiki nyingine kesho, familia". Akimaliza hiyo naye atakwenda kutazama feni ya nani?

---

Nadia_Mvita:

Kaka pole, lakini kuna jambo hamlisemi. Mimi nacheza na kuhakiki kwa maandishi, mwaka wa tatu. Namaliza gemu, naandika nilipokwama, naandika mashine niliyochezea, naandika bando lililokwenda kupakua viraka vya kurekebisha gemu. Sitoi alama kabisa. Wasomaji wangu ni wachache hata matatu moja hawajai, na nusu yao waniuliza, "dada, kwani ni ngapi katika kumi?" Yule bwana hakuzua nukta tano peke yake, ninyi ndio mliokuwa mkiidai. Tovuti ya Eurogamer waliacha alama 2015, na 2023 wakarudi na nyota, kwa sababu watu wataka namba.

---

MwenyePedi_Kisauni:

Nadia, weka kiungo hapa, nitasoma yote kuanzia ya kwanza. Na mimi sikatai namba. Nakataa namba ya mtu aliyebonyeza duara. Ulipokwama umeandika umekwama. Yeye amekwama akaandika nane nukta tano, kisha akanambia nikodishe pedi. Pedi aliyoilambisha ukwaju! Mbele za watu!

---

Baharia_wa_Gati:

Anarudi palepale. Mtu amchukue hospitali.

---

MamaTwaha:

Stima zimekatika kwenu pia au ni huku kwetu tu? Samaki wote wako kwenye friji.

---

Kipa_Namba1:

Huku Kisauni zimekatika tangu saa tisa. Nilikuwa naongoza mawili bila, TV ikazima.

---

Shabiki_wa_PES:

Mungu yupo.

---

MzeeWaTononoka:

Magongo nako giza. Kila Jumapili hivi hivi, na bili haikosi kuja.

---

Kijana_wa_Majengo:

Samahani, swali muhimu. Viazi karai vile alivinunua wapi? Ukwaju wa kufika kwenye kiwiko si wa mchezo.

---

Shaba_Moja:

Hata mimi nilisoma uzi wote kwa ajili ya viazi.

---

MwenyePedi_Kisauni:

Vya yule mama wa kona, mkabala na kibanda changu. Mkija mje na pamba, kitufe bado chanata.

---

Nadia_Mvita:

Yule wa meza ya kijani? Huyo pilipili yake ya kusaga na embe mbichi. Lakini wahini, saa mbili ashamaliza.

---

MamaTwaha:

Wa Makadara ni bora, unga wake mwembamba. Huyo wa Kisauni atia rangi nyingi.

---

Kijana_wa_Majengo:

Mama Twaha, wa Makadara upande wa msikitini au wa barabarani?