Bika ikivunjika tunaandika, mpishi akiungua tunaambiwa tunyamaze

Wakuu, poleni na majukumu. Hili jambo nimekaa nalo wiki tatu, leo limenifika shingoni. Uzi ni mrefu, asiye na muda apite tu.

Mimi ni mwalimu wa kemia, sekondari ya kutwa, shule ya serikali. Jina la shule na mkoa sitaji. Maabara yetu ina daftari la jalada la bluu, la vifaa vilivyovunjika. Mwanafunzi akiangusha bika naandika tarehe, jina, kidato, kifaa na bei, kisha anatia sahihi. Tangu nihamie hapa 2019 daftari hilo halijarukwa hata mstari. Mkuu wa shule analikagua kila mwisho wa muhula kwa kalamu nyekundu, na akikuta sahihi moja imekosekana, siku hiyo huna raha.

Daftari la watu walioumia shuleni je? Halipo. Nimeliulizia kwa makamu, nimetafuta ofisini, nimekwenda mpaka stoo. Halijawahi kuwepo.

Sasa sikilizeni. Jiko letu ni banda la mabati lenye mafiga matatu ya tofali. Tofali moja la figa la katikati lilipasuka tangu shule zilipofunguliwa Januari, likawa linaegemezwa kwa kipande cha zege. Sakafu imemomonyoka kwa moto na maji ya kuoshea, asubuhi inateleza kama imepakwa mlenda. Mimi ndiye mwalimu wa afya na mazingira, kwa hiyo nililisema kwenye kikao cha Februari. Likaandikwa kwenye muhtasari: "jiko lifanyiwe marekebisho". Machi nikasema tena. Nikajibiwa, "Mwalimu, tumekusikia, tunasubiri fungu." Aprili sikusema. Nilichoka, na hilo najilaumu.

Jumanne moja, wiki tatu zilizopita, saa tatu na nusu asubuhi, sufuria la uji likalala. Mama wetu wa jikoni alikuwa anakoroga, kipande cha zege kikachomoka, sufuria likainamia upande wake. Badala ya kukimbia akalishika kwa kitenge. Uji siyo maji, jamani. Maji ya moto yanateremka yanapita, uji unaganda kwenye ngozi na kuendelea kupika. Ukamshika mguu wa kulia kuanzia goti hadi kwenye kifundo, na mkono wa kushoto.

Nilimkuta amekaa chini kwenye matope ya uji. Mwalimu mmoja anakuja mbio na dawa ya meno, mwingine anauliza nani ana asali. Sanduku la huduma ya kwanza lipo ofisini, lina kufuli, na ufunguo anao mwalimu wa michezo ambaye siku hiyo alikuwa kwenye semina. Bomba la jikoni halitoi maji. Nikaamuru vijana wa kidato cha tatu walete ndoo za maji kutoka maabara, tukawa tunamwagilia taratibu, nikitazama saa mpaka dakika 20 ziishe. Kuungua kunatakiwa maji ya kawaida ya kutiririka, siyo Colgate. Hili walimu na shahada zetu hatujafundishwa hata kwa nusu saa.

Na mama wa watu alikuwa analia nini mnadhani? "Mwalimu, uji wa watoto umemwagika, watanikata." Mguu umebabuka, yeye anawaza unga.

Akapakiwa kwenye bodaboda, katikati ya dereva na mimi. Mkuu wa shule alitoa elfu ishirini mfukoni mwake, haki yake nampa. Lakini kabla hatujaondoka alimwinamia mama akamwambia kwa sauti ya chini, kwa upole kabisa, "Mama, ukifika sema umeungulia nyumbani, tusije tukaanza kupata maneno." Nilisikia kwa masikio yangu.

Tukafika kituo cha afya. Tabibu akauliza, "Umeunguaje, mama?" Mama akaniangalia mimi kwanza, kisha akajibu, "Nyumbani, nilikuwa napika." Kijitabu chake kikaandikwa hivyo. Nilikuwa nimesimama hapo hapo na mfuko wake wa nailoni mkononi. Nilinyamaza. Nyie semeni mnavyotaka kuhusu mkuu wa shule, lakini na mimi nimo.

Jioni niliandika taarifa ya ukurasa mmoja: saa, mahali, chanzo, mashahidi. Nikampelekea mkuu. Akaisoma mara mbili, akaikunja, akaiweka kwenye droo. "Mwalimu, ukiandika hivi unakuwa umeniandika mimi." Nikamwambia, mkuu, hapa pameandikwa tofali, jina lako halipo. Akacheka. "Wewe bado kijana. Ofisi ya elimu hawasomi tofali, wanasoma jina la mkuu wa shule."

Hapo ndipo penye ugonjwa, na ndicho kilichonileta hapa. Huku kwetu taarifa ya ajali inahesabika kama mashtaka. Mwandikaji anaitwa mchochezi, aliyeumia anaitwa mzembe, na mkuu anahesabu siku za kuitwa kujieleza. Kwa hiyo kila mtu ana sababu ya kutoandika, halafu mwisho wa mwaka kwenye ripoti tunaonekana shule haina ajali.

Nikaanza kusoma sheria usiku, maana nimeshachokozwa. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya 2003 inamtaka mwajiri ahakikishe mahali pa kazi ni salama. Shule ni mahali pa kazi, au walimu, walinzi na wapishi tunakuja kutalii? Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008, iliyouleta Mfuko wa Fidia (WCF), inampa mwajiri siku saba kuripoti ajali tangu apate taarifa. Siku saba zilishapita, karatasi yangu bado iko droo. Mfanyakazi naye ana miezi 12, asipoleta taarifa ndani ya muda huo haki inamponyoka. Sasa mwambieni mtu mwenye kijitabu cha kliniki kilichoandikwa "nyumbani" aende kudai fidia ya kuumia kazini. Ataanzia wapi?

Halafu kuna kichekesho. Mchango wa mwajiri kwenye huo mfuko ni asilimia 0.5 ya mshahara, na mfanyakazi hakatwi hata senti. Mama wetu analipwa laki moja kwa mwezi, mwezi ambao wazazi wamechanga. Asilimia 0.5 ya laki moja ni shilingi 500. Testi tyubu moja kwenye daftari langu la bluu namdai mwanafunzi 1,500.

Msiniambie ni jambo dogo la jikoni. Kyerwa mwaka 2020 walikufa wanafunzi 10 kwa moto wa bweni. Nyeri kwa majirani zetu Kenya, Septemba 2024, wavulana 21. Baada ya hapo zinakuja tume, viongozi, kamera, rambirambi. Mimi nauliza kuhusu swichi iliyokuwa inatoa cheche wiki moja kabla, pale ambapo hakuna aliyekufa bado. Kwetu ipo moja, darasa la kidato cha pili B. Wanafunzi wameizoea, wanaiwasha kwa rula ya mbao. Hiyo nayo itaandikwa lini, na nani, kwenye daftari gani?

NYONGEZA, saa tatu usiku:

Kuna mchangiaji mmoja hapo chini kasema "huyo mama siyo mwajiriwa, ni kibarua wa wazazi, hana mkataba". Nashukuru umelisema, maana ofisini nako wanalisema hivyo hivyo. Elimu bila malipo ilipoanza 2016, chakula cha wanafunzi wa kutwa kilibaki kwa wazazi, na mshahara wa mpishi nao ukabaki hapo. Serikali inasema siyo wangu. Kamati ya chakula inasema sisi tunachanga tu, bosi wake ni mkuu wa shule. Mkuu anasema waulize wazazi. Mtu mmoja, mabosi watatu, na akiungua hana hata mmoja.

Ila sheria haiko mbali kama mnavyodhani. Kasome Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004, kifungu cha 61. Kinasema mtu atachukuliwa kuwa ni mwajiriwa ikiwepo hata sababu moja kati ya zilizotajwa: anafanya kazi kwa maelekezo ya mtu mwingine, au muda wake unapangwa na mtu huyo, au amefanya kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu iliyopita, au anapewa vifaa vya kazi. Mama huyu anaingia saa kumi na moja alfajiri, anatoka saa tisa alasiri, anapika kwa sufuria la shule, kuni za shule, na asipofika anapigiwa simu na mwalimu wa zamu. Hizo saa 45 anazimaliza kabla wiki haijaisha. Mkataba wa mdomo nao ni mkataba.

Aliyesema mkuu wa shule naye anaonewa, hana fungu: nusu nakubali. Hana hela ya kujenga jiko, kweli. Mkakati wa taifa wa nishati safi unataka asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034, sisi bado tunagombana na figa. Lakini tofali moja la kuchoma ni shilingi ngapi? Kufungua sanduku la huduma ya kwanza kunahitaji fungu? Na kumwambia mgonjwa adanganye kwa daktari, hiyo ilitoka kwenye bajeti gani?

Na wewe uliyeandika "mwalimu fundisha kemia, ya jikoni waachie wenyewe": Jumatano iliyofuata chupa ya asidi ya salfuriki kali nimeikuta rafu ya juu kabisa, juu ya kichwa cha mtu mrefu, mfuniko umelegea. Nimeishusha mwenyewe. Ya jikoni na ya maabara ni moja, zote tunangoja zianguke.

NYONGEZA YA PILI:

Nimetoka kwa mama wetu wa jikoni sasa hivi. Mguu umeanza kufunga lakini kwenye kifundo ngozi inavuta, hachuchumai. Kwenye figa amewekwa binti yake aliyemaliza darasa la saba, ili nafasi isichukuliwe na mwingine. Tofali ni lile lile.

Nimemwomba radhi kwa kunyamaza kule kliniki. Akaniambia, "Mwanangu, na wewe una kazi yako." Sikuwa na la kujibu.

Kesho saa nne naenda naye kituo cha afya kumwomba tabibu arekebishe alichoandika, na mimi nitatia ushahidi wangu kwa maandishi. Nakala ya taarifa ninayo, nilipiga picha kabla ya kuikabidhi. Nikitoka hapo naipeleka ofisi ya WCF, na nyingine OSHA, wale wa usalama na afya mahali pa kazi, mkuu aitoe yake kwenye droo au asiitoe. Kama humu kuna tabibu au muuguzi, naomba uniambie kabla ya kesho: maelezo ya mgonjwa yakishaingia kwenye faili yanarekebishwaje? Inatosha yeye mwenyewe kusema, au itatakiwa barua? Na kama ni barua, itoke kwa nani, maana kwa mkuu wangu haitatoka.