Mjadala: Jaa la Kibarani lilifungwa, lakini uchafu uliobaki horini ni wa nani?

Tangu daraja jipya la Makupa lifunguliwe mwaka 2022, hapa Mombasa nasikia kauli moja: Kibarani pamepandwa miti, maji yanapita horini, ule mkono wa bahari, kesi imekwisha. Mimi napinga.

Jina Kilindini limetokana na kilindi. Bandari ya Kale, pale chini ya Fort Jesus, ilitosha majahazi. Meli kubwa zilitaka kina, ndiyo maana reli ilianzia Kilindini mwaka 1896. Kina hicho tulipewa bure na Mungu. Kisha tuta la Makupa likaziba hori, maji kujaa na kupwa yakawa taabu, na kando yake, pale Kibarani, tukamwaga taka za mji mzima miaka nenda miaka rudi. Mwaka 1988 tangi la mafuta lilitoboka, maelfu ya tani yakaingia horini, mikoko ikafa. Mwaka 2005 meli ya mafuta ikavujisha tena, upande wa Port Reitz.

Juzi maji yalipokupwa nilishuka nyuma ya Mikindani. Mifuko ya plastiki iliyopigwa marufuku mwaka 2017 bado imeng'ang'ania mizizi ya michu, aina ya mikoko, imeganda tope mpaka huwezi kuichomoa kwa mkono. Hatua chache tu kutoka hapo, majitaka yanateremka kwa mfereji na mzee mmoja anatafuta kaa.

Nasema mapato ya bandari yatengwe kusafisha hori kabla ya gati jingine kujengwa. Mwasemaje?

Dereva wa Malori: Kaka, bandari hii inalisha Uganda, Rwanda hadi Kongo. Ukiiongezea tozo, mizigo itahamia Dar es Salaam, na sisi tutakula nini? Halafu majitaka ya Mikindani hayakutoka melini.

Mwenye mada: Kwa majitaka umesema kweli, ndugu yangu, na hayo kaunti iyabebe: iweke mabomba na mitambo inayofanya kazi. Ila mafuta ya 1988 hayakutoka chooni kwa mtu. Tozo mpya sijaomba. Naomba sehemu ya pesa zinazoingia tayari. Wewe ukikosa mzigo wiki moja, una wiki ijayo. Mvuvi wa Tudor mikoko ikifa, kamba wake wachanga watakulia wapi?