Sauna na fukwe za watu uchi: Mkristo anaweza kwenda? Naombeni maandiko, sio matusi

Neema_Tukuyu
Wapendwa Bwana Yesu asifiwe. Niko Ujerumani nasomea uuguzi huku nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee. Zamu yetu kuna dada mmoja Mjerumani ameokoka kabisa, anaimba kwaya kanisani kwao, na ndiye alinipa koti nilipofika huku sina kitu. Sasa yeye na mumewe ni watu wa FKK, ile ya kuogelea na kuota jua bila nguo, kiangazi wanakwenda pwani ya Baltiki na majira ya baridi wanahamia sauna. Kanialika sauna, mimi nikabeba zangu suti ya kuogelea vizuri, kufika mlangoni kuna kibao, humo ndani suti hairuhusiwi, unavua unakalia taulo lako basi, na wanaume na wanawake chumba kimoja. Nikasema kichwa kinauma nikarudi zangu nyumbani.

Kesho yake kanijia na Biblia. Mwanzo 2:25 "Nao walikuwa uchi wote wawili, Adamu na mkewe, wala hawakuona haya." Akasema uchi uliumbwa na Mungu, aibu ndio ilikuja na dhambi, na ndio maana Mungu aliuliza "Ni nani aliyekuambia ya kuwa u uchi?" Akaongezea Isaya, Sauli na Petro, wote walikaa uchi na ni watu wa Mungu (Sauli ana maswali ila tuendelee). Kiukweli nilikosa jibu. Ni dhambi, au ni malezi yetu tu ya kwetu?

chapa_ilale
Isaya alitumwa na Mungu, wewe umetumwa na mtu wa zamu 😂 Nakaa hapa nasubiri wachungaji.

Mwalimu_wa_Sundeskuli
Dada Neema hizo aya zote ni za kweli ila watu huwa wanazitaja nusu, ukisoma mpaka mwisho zinageuka.

Anza na Isaya 20. Alitembea uchi bila viatu miaka mitatu, ndio, lakini mstari wa 4 unasema kwa nini, kwamba mfalme wa Ashuru atawaswaga mateka wa Misri na Kushi hivyo hivyo uchi, matako wazi, waaibike. Yaani nabii alikuwa tangazo la vita linalotembea. Sasa ukienda ufukweni kwa sababu ya Isaya ujue unaigiza mateka wa vita, sijui kama huyo mwenzako ndicho anachotaka. Sauli 1 Samweli 19 alikuwa njiani kwenda kumuua Daudi, Roho akamshika, akavua na kulala chini mchana kutwa na usiku kucha, mfalme mzima mavazi ya kifalme chini. Hapo Mungu anamzuia mwuaji, hamwonyeshi mtu namna ya kuota jua. Na Petro ndio kichekesho kabisa, Yohana 21:7 alikuwa uchi anavua samaki usiku, kazini, na wengine wanasema alibaki na nguo ya ndani tu, sawa, ila aliposikia ni Bwana alifanya nini? AKAVAA kisha akajitupa majini. Nani anavaa ndio anaruka baharini? Mtu anayeenda mbele ya mtu anayemheshimu.

Sasa Mwanzo. Majani ya mtini walishona wao wenyewe, hapo dada yako ana hoja nzuri tu. Ila 3:21 "BWANA Mungu akawafanyia Adamu na mkewe mavazi ya ngozi, akawavika." Fundi wa kwanza wa nguo ni Mungu. Nimewahi kusikia manaturisti Wakristo (hao wanaoishi au kustarehe uchi) wakijibu kwamba zile ngozi zilikuwa za kukinga baridi na miiba tu nje ya bustani, haya inawezekana, andiko halisemi sababu. Lakini pia halisemi popote kwamba baada ya Edeni kuna siku tunarudi kule kwa kuvua.

frateri_zamani
Mwalimu umejibu vizuri upande wa maandiko ila usifunge mlango haraka, maana historia ya kanisa lenyewe ina mambo. Watu wengi hapa hawajui kwamba Wakristo wa kale walibatizwa uchi. Sirili wa Yerusalemu, karne ya 4, anawaambia waliotoka majini wiki ya Pasaka kwamba mlikuwa uchi machoni pa watu na hamkuona haya, mlifanana na Adamu bustanini. Askofu huyo, anafundisha kanisani! Unavua utu wa kale, unashuka, unapanda, unavikwa nyeupe. Ila hawakuwa wajinga, kule Syria tangu karne ya 3 kuna maagizo kwamba wanawake wapakwe mafuta na shemasi mwanamke, sio mwanaume. Kwaiyo uchi ulikuwepo na mipaka ilikuwepo, vyote pamoja.

Alafu kuna Waadamu, hawa watamfurahisha sana huyo mwenzako wa sauna. Epifanio askofu wa Kupro, karne ya 4 hiyo hiyo, anasimulia kundi lililosali uchi, wanaume kwa wanawake, wasomaji na viongozi wote kama walivyozaliwa, na kwa sababu ya baridi walijenga kanisa juu ya tanuru, nguo zinaachwa mlangoni kwa mtu wa kuzilinda. Kanisa lao waliliita Paradiso, na mtu akikosea wanamfukuza wakisema huyu ni Adamu amekula tunda. Sasa niambie hiyo si sauna ni nini. Jina hilo likarudi Bohemia (Ucheki ya leo), 1421 jemadari Jan Žižka akawaangamiza watu waliotuhumiwa kuishi uchi, ingawa habari zao zimeandikwa na adui zao kwaiyo zisome kwa tahadhari. Wakweka (Quakers, kundi la Kikristo) wa mwanzo Uingereza miaka ya 1650 baadhi walipita mitaani uchi "kama ishara", wakimfuata Isaya. Hata unaturisti wa Marekani, mmoja wa waliousimamisha alikuwa mchungaji, Ilsley Boone wa New Jersey, gazeti lake la unaturisti likazuiwa na posta mpaka Mahakama Kuu ya Marekani ikampa haki 1958.

Sisemi waige. Nasema msimwambie dada wa watu kwamba hakuna Mkristo aliyewahi kuwaza hivyo.

Mama_Asifiwe
Frateri unachanganya watu. Ubatizo ni sakramenti dakika chache gizani alfajiri, sio kwenda kutandaza taulo wikendi. Mathayo 5:28 imeisha, kutazama kwa kutamani ni uzinzi, sasa wewe unajiweka mwenyewe mezani halafu unasema mwenye kutamani ni shauri yake? 1 Timotheo 2:9 mavazi ya kujisitiri. Na yule mwenye pepo wa Luka 8 hakuvaa nguo siku nyingi, alipoponywa wakamkuta ameketi, AMEVAA NGUO, ana akili zake. Mwenye sikio asikie.

frateri_zamani
Mama shikamoo, ya Luka 8 nakupa. Ila 1 Timotheo 2:9 endelea kusoma, Paulo anataja kusuka nywele, dhahabu, lulu na nguo za thamani. Anapigana na wanaovaa sana, sio wasiovaa 😅 Tukiitumia vizuri harusi nyingi za kwetu zitafungwa.

kobaz_la_tairi
Mimi nauliza tu hiyo aibu nani alitupimia. Bibi zetu walitembea kifua wazi mashambani na hakuna aliyeanguka, wakaja wamisheni na magauni, baadaye serikali yetu wenyewe 1967 ikawa inawasukuma Wamasai waache lubega wavae suruali ndio waitwe wameendelea. Leo lubega iko kwenye matangazo ya utalii. Sio kila kinachotushtua kimeandikwa Sinai.

Nesi_Mstaafu_Mbeya
Kobaz hapo umesema neno. Ila mwanangu Neema mimi nikuongezee kitu kutoka kazi yako mwenyewe. Ukimwogesha mzee asubuhi unafanyaje? Unaosha mkono, unafuta, unafunika. Unaosha mguu, taulo linabaki tumboni. Mlango umefungwa. Humfuniki kwa sababu mwili wake ni dhambi, unamfunika kwa sababu hawezi kujifunika.

Sasa soma Biblia kwa jicho hilo, utashangaa uchi mara nyingi humo hauhusu tamaa kabisa. Ni nani kamvua nani, na nani kamfunika. Hamu alitazama akatoka kwenda kusimulia, Shemu na Yafethi wakaingia na nguo kinyumenyume nyuso zimegeuka wasione (Mwanzo 9). Soma 2 Nyakati 28:15, haihubiriwi sana, watu wa Samaria wameteka ndugu zao wa Yuda, nabii akawakemea, wakachukua nguo za nyara wakawavika wote waliokuwa uchi, wakawapa viatu, wakawalisha, wakawapaka mafuta, walio dhaifu wakawapandisha punda mpaka Yeriko. "Nalikuwa uchi, mkanivika." Na Bwana mwenyewe askari waligawana nguo zake zote akiwa msalabani, kanzu wakaipigia kura. Hao waliovuliwa hakuna aliyeulizwa.

Kwaiyo swali langu kwa huyo rafiki yako si kama mwili ni mchafu, sio mchafu, Mungu aliuona ni chema sana. Swali ni kama wewe ulikuwa na uhuru wa kukataa. Kama ulilazimika kusingizia kichwa, hapo kuna kitu hakijakaa sawa, na huenda yeye hajui.

Leipzig_Mchaga
Dada nipo huku miaka mingi. Ukweli ni kwamba sauna ya huku haina mambo unayodhani, watu wamekaa kimya wanatoka jasho, ukimkodolea mtu macho utatolewa na mhudumu. Wengi wao hata hawawazi Mungu wala Shetani, wanawaza mgongo. Lakini sio lazima ufanane nao, Warumi 14 inasema kila mtu athibitike katika akili yake, na yeye anayekula na asiyekula wasihukumiane. Uliza mapokezi, sauna nyingi zina siku ya wanawake peke yao, na zingine zina siku ya kuvaa suti. Na kujifunga taulo mwili mzima ni ruksa sehemu nyingi, kinachokatazwa ni suti na jasho kugusa mbao.

Neema_Tukuyu
Asanteni wote, hata Mama Asifiwe. Nimeongea naye leo mapumziko, nikamwambia wazi kwamba sikuumwa, nilishindwa, na sina amani kuvua mbele ya wanaume ambao si mume wangu. Kumbe yeye hakuwaza kabisa kwamba nitaona shida, aliona aibu yeye zaidi yangu, akaomba msamaha. Hoja ya Petro kuvaa ndio aruke imemkwamisha, anasema atamuuliza mchungaji wao. Ya Waadamu na tanuru amecheka mpaka chai imemwagika, ila Mwanzo 2:25 haachii. Tumekubaliana Jumanne, siku ya wanawake, na taulo nitajifunga.

Mama_Asifiwe
Jumanne hiyo mwanangu nenda na taulo kubwa, sio hizo za uso.

chapa_ilale
Frateri hao Waadamu sadaka walikuwa wanaweka wapi kama nguo zote ziko mlangoni?