Nilimnunulia binti yangu kazi ya shule, sasa ameniuliza swali

MamaOmena, Kisumu
Hamjambo wazazi. Mimi nauza omena (dagaa) pale soko la Kibuye, huu ni mwaka wa 11. Nikiwa na cha kujivunia sokoni, ni gorogoro yangu, lile kopo la kupimia. Ule mchezo mnaujua: mtu anaigonga nyundo kwa chini mpaka tako linaingia ndani, mteja akitazama juu imejaa pomoni, kumbe amepunjwa viganja viwili. Yangu haijaguswa. Binti yangu wa gredi ya 5 hunisaidia Jumapili, na nimemfunza apime kama anajipimia mwenyewe.

Mwezi uliopita walipewa kazi ya kufuma kikapu kwa vitu vinavyopatikana karibu na nyumbani. Walipewa wiki mbili. Mimi niliambiwa usiku wa kuamkia siku ya kupeleka, nimetoka sokoni miguu imevimba. Asubuhi nikampitisha saiba, pale duka la kompyuta na kuchapisha. Kazi hizi wanaziuza zikiwa tayari, vikapu, vikaragosi, sanamu za kufukuzia ndege, zimepangwa kando ya mashine ya fotokopi. Nikatoa shilingi 250. Mwalimu akaandika "amezidisha matarajio", alama ya juu kabisa. Siku ya wazazi kikapu kikawekwa mezani mbele kikiwa na jina la mtoto wangu, na mimi nikapigiwa makofi.

Jumapili iliyofuata, mteja ameondoka tu, mtoto akaitazama gorogoro, akaniuliza polepole: "Mama, kile kikapu si ni kama gorogoro iliyobonyezwa?"

Nilijifanya nahesabu chenji.

Nimjibu nini? Na niende kwa mwalimu au nitamharibia? Baba yake anasema niachane nayo, kila mtu hununua.

BodaLurambi
Afadhali wewe ulinunua. Mimi nilikesha nikimtengenezea kijana gari la mabati, nikajikata kidole, mwalimu akaandika "anakaribia matarajio". Yaani ni mimi ninayekaribia! Mpaka leo nina uchungu.

MamaPacha, Nakuru
Msitufanye wezi hapa. Nafunga kibanda saa tatu usiku, nina watoto wawili darasa moja, kila kitu ni mara mbili. Leo manila, kesho rangi, kesho kutwa piga picha ukachapishe. Wakisema mzazi ashirikishwe, mimi nasikia mfuko ushirikishwe. Dada, mwombe mtoto msamaha nyumbani, yaishe. Ukienda shuleni ataitwa mwongo mbele ya wenzake, na wewe hutakuwepo kumtetea.

Mwalimu_Kaptembwo
MamaPacha, hofu yako naielewa, na kuna walimu wa hivyo. Lakini msidhani hatujui. Kikapu cha saiba tunakitambua kwa pindo. Muhula mmoja nilipokea saba vya mkono wa fundi mmoja, na nikavipa alama vyote. Kosa ni letu pia. Ukiwa na watoto zaidi ya 60 darasani unapima kile unachokiona, humwulizi mtoto alianzia wapi.

Uadilifu umeandikwa kwenye mtaala huu wa umilisi, sawa na heshima na uwajibikaji, na mzazi ametajwa kama mshirika. Hakuna palipoandikwa mzazi afume. Mtafutie vifaa, kaa karibu, mwache akosee. Tena alama hizi za shuleni zinakuja kuwa nzito: kwenye matokeo ya gredi ya 9, mtihani wenyewe wa gredi hiyo, KJSEA, unabeba asilimia 60, mtihani wa gredi ya 6, KPSEA, asilimia 20, na tathmini za shuleni za gredi ya 7 na 8 asilimia 20. Aliyezoea saiba gredi ya 5 atafika huko mikono mitupu.

Nenda kwa mwalimu, ila nenda peke yako, saa ya mapumziko. Mwambie ulinunua wewe. Omba mtoto apewe wiki moja afume chake.

JiraniWaDunga
Na wewe uko Kisumu unanunua kikapu saiba! Togo, yaani mafunjo, yamejaa hapa ufuoni Dunga, wamama wanafuma mikeka kila siku. Mlete Jumamosi.

MamaOmena, Kisumu
Nimerudi kuwapa habari. Kwanza nilimjibu mtoto: ndiyo, ni gorogoro iliyobonyezwa, na aliyebonyeza ni mimi. Hakusema kitu. Akaendelea kuchambua omena.

Alhamisi nikaenda shuleni. Mwalimu alicheka, kisha akanyamaza, kisha akaniuliza ni saiba gani. Sikumtajia. Amempa wiki moja.

Jumamosi tukashuka Dunga. JiraniWaDunga, asante, yule mama alitupa kifungu kizima cha mafunjo akakataa pesa. Alimwonyesha kupasua na kulowesha, akaanza naye mistari mitatu ya tako, basi. Mengine binti amefuma nyumbani, akafumua mara nne, mara moja akilia. Mimi mikono nimeikalia, na haikuwa rahisi, kwa sababu nilikuwa naliona kosa kabla yake.

Kikapu kimeinama upande kama mlevi. Amepata "anakaribia matarajio" (BodaLurambi, mko darasa moja sasa). Alikasirika siku mbili. Leo amekileta sokoni, amekitundika kwenye msumari wa kibanda, ndani ameweka chenji za shilingi tano.

Baba yake bado ananitazama kama mtu aliyechoma pesa. Kile cha 250 kimerudi nyumbani, kiko juu ya kabati. Sijui nikitupe au nikitilie vitunguu.